Anayetarajiwa, Anatarajiwa na Nani?

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wanachuo wetu yako machache ambayo si magumu kutamka wala kuandika, tena tafsiri yake imo katika kila kamusi, na bado kila mwaka hutuletea kosa lile lile. Mojawapo ni kivumishi "prospective". Mwanachuo akiulizwa maana yake hujibu upesi kwamba ni "mtarajiwa", na kamusi humwunga mkono. "Prospective teacher" ni mwalimu mtarajiwa, "prospective buyer" ni mnunuzi mtarajiwa, mambo yamekwisha, tuendelee na somo. Sisi tunaona kwamba mambo hayajaisha. Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa nini maneno haya mawili, ijapokuwa yanatazama upande mmoja, hayasimami mahali pamoja. Na kwa nini mwalimu wa shule ya msingi, ambaye pengine hataliandika neno hili ubaoni hata mara moja katika maisha yake, hana budi kulielewa barabara.

Tuanze na umbo lake, maana hilo halitatuchukua muda. Neno limetoka katika Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kutazama mbele. Katika ukoo huo huo wamo "prospect", yaani mandhari au tumaini lililo mbele ya macho. "Prospectus", kile kijitabu ambacho vyuo hukitoa kueleza masomo na ada. Na "prospector", mtu azungukaye porini akitafuta dalili za madini. Huyu wa mwisho anafaa kukumbukwa. Mtu aliyepewa leseni ya kutafuta dhahabu huko Geita hajapewa dhahabu. Amepewa ruhusa ya kutazama, na huenda akatazama miaka mitatu akarudi na udongo. Kivumishi chetu hakina ahadi kubwa kuliko hiyo.

Kisarufi, "prospective" hukaa mbele ya jina. Husemwa "a prospective teacher", lakini si kawaida kusema "the teacher is prospective", na mwanachuo aliyezoea kusema kwa Kiswahili kwamba fulani ni mtarajiwa huteleza hapo kwa urahisi. Tena hakichukui alama ya wingi. Walimu kumi ni "prospective teachers", wala si "prospectives teachers", kosa ambalo huletwa na upatanisho wetu wa "walimu watarajiwa". Mkazo hukaa katika silabi ya katikati, "spec". Anayeongeza irabu mwishoni kwa mazoea ya Kiswahili huuvuta mkazo hadi "ti", na msikilizaji hupotea. Ama wale wanaoandika "perspective" mahali pa "prospective", wino mwekundu tuliokwisha kuutumia kwa ajili yao unatosha, na hapa tutawapita kimya.

Ugumu wa kweli umo katika maana. Kiingereza kina jamaa nzima ya maneno yanayomweleza mtu kwa cheo au hali ambayo hajaipata bado, na wanachuo huyavaa yote kama sare ya shule, kana kwamba yeyote aweza kuvaa lolote. Njia bora tuliyoipata ya kuyatenganisha ni kumchukua mtu mmoja ambaye kila msomaji wetu anamfahamu na kujaribu maneno hayo juu yake.

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Mwaka 1943 aliingia Makerere, na mwaka 1945 alihitimu huko akiwa na cheti cha ualimu. Baadaye alifundisha Tabora, akaenda kusoma Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Sasa tumtazame kijana huyo mwaka 1944, amekaa darasani Makerere, daftari mbele yake. Mtu aliyepita dirishani siku ile angeweza kumwita kwa Kiingereza "a prospective teacher" na asikosee hata kidogo: kijana anasomea ualimu, dalili zote zaonyesha kwamba atakuwa mwalimu, lakini hakuna awezaye kuapa. Je, mpita njia huyo angeweza kumwita "a prospective president"? Hata kidogo. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, TANU haikuzaliwa mpaka tarehe 7 Julai 1954, na cheo chenyewe cha rais hakikuwapo mpaka Desemba 1962. Hapakuwa na lolote la kutazama.

Na bado sisi leo twaweza kusema, bila kosa, kwamba mwaka 1944 Makerere ilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa "the future president" wa Tanganyika. Mtu ni yule yule, siku ni ile ile, dawati ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama msemaji. "Future", linapotumiwa hivi, ni neno la mtu aliyekwisha kufika mwisho wa njia, akageuka kutazama nyuma. Anajua habari ilivyoishia. "Prospective" ni neno la mtu aliye mwanzo wa njia, hajui lolote ila dalili. Mwandishi wa historia hulipenda la kwanza kwa sababu hiyo, na karani wa chuo hulipenda la pili kwa sababu hiyo hiyo. Kiswahili chetu huonyesha tofauti hii kwa sentensi badala ya kivumishi: "kijana ambaye baadaye alikuja kuwa rais" ni maneno ya anayejua, "kijana anayesomea ualimu" ni maneno ya asiyejua. Mwanachuo anayeandika kwa Kiingereza kwamba Nyerere alikuwa "a prospective president" pale Makerere hajakosea msamiati tu. Amewatia watu wa mwaka 1944 ujuzi ambao hawakuwa nao, na hilo ni kosa la historia pia.

Twafahamu kwamba "future" hutumiwa vilevile na mtu aliye katikati ya njia, kama vile kijana anaposema "my future wife". Hapo msemaji hajui, bali ameamua kusema kana kwamba anajua. Posa imekubaliwa, mahari imetajwa, siku ya harusi imepangwa; anayo haki ya kujiamini. Angemwita "my prospective wife", jamaa wangemshangaa, maana neno hilo lafaa wakati bado anapeleleza: wazee hawajatumwa, na huenda yuko msichana mwingine katika kijiji cha pili ambaye naye anatazamwa.

"Would-be" nalo lina hadithi yake, na tunakiri kwamba tunalipenda kuliko mengine, kwa kuwa linaonyesha jambo ambalo lugha zetu mbili zimelifanya bila kuulizana. Kwa nini twasema "atasoma", lakini tukitia kirejeshi twasema "atakayesoma"? Hiyo "ka" yatoka wapi? Jibu la wataalamu ni kwamba alama yetu ya wakati ujao, "ta", ni kifupisho cha kitenzi "taka", na katika kirejeshi kitenzi hicho kimebaki na umbo lake lote. Wazee wasemapo kwamba atakaye cha mvunguni sharti ainame, "atakaye" ni mwenye kutaka. Ongeza kitenzi mbele yake, na mwenye kutaka kuja amegeuka kuwa atakayekuja. Kiingereza kilipita njia iyo hiyo. "Will", ambalo leo ni alama ya wakati ujao, zamani lilikuwa kitenzi cha kutaka, na kutaka huko kumesalia wazi ndani ya "would-be". "A would-be poet" ni mtu anayetaka kuwa mshairi.

Lakini tuwe waangalifu. Mara nyingi, ingawa si kila mara, Mwingereza akisema "would-be" huwa anacheka kidogo mkononi. Mtu ametaka, na kutaka kwake hakukutosha. Mwizi aliyekamatwa akiruka ukuta kabla hajaiba ni "a would-be thief". Mshairi ambaye majirani hufunga madirisha aanzapo kusoma ni "a would-be poet". Kwa hiyo mwanachuo anayeomba kazi asiandike katika barua yake "I am a would-be teacher". Barua kama hiyo tumeiona kwa macho yetu, tena iliandikwa kwa mwandiko mzuri sana.

Kuhusu "elect" hatutakaa sana. Huja baada ya jina, kinyume cha desturi ya Kiingereza, na humhusu mtu aliyekwisha kuchaguliwa lakini hajashika madaraka: "president-elect", kwetu "rais mteule". Neno letu ni pana zaidi, kwa kuwa "mteule" twamwita pia balozi aliyeteuliwa na hajaapishwa, ambaye Kiingereza kingemwita "ambassador-designate". Mtu aweza kudhani kwamba hapa angalau mashaka yamekwisha. Hayakwisha. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, mshindi alitangazwa, na magazeti yakamwita rais mteule. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa rais, na watu wakarudi kupiga kura mwezi Oktoba. Kivumishi kilikuwa kimetangulia, tukio likabaki nyuma. Na kwa mama mwenye mimba Kiingereza kina "expectant", mwenye kungoja. Sisi tuna "mama kijacho", ambalo twaliona kuwa neno la busara kupita yote yaliyotajwa katika makala haya. Halimpi mama cheo ambacho hajakipata, wala halimwiti mtoto jina kabla hajalia. Linasema tu kwamba kiko kitu kinakuja.

Sasa turudi kwa "mtarajiwa", maana hapa ndipo penye jambo.

Kitenzi ni "taraji" au "tarajia". Mwenye kutenda ni mtaraji. Mwenye kutendewa ni mtarajiwa. Kila mwanachuo aliyepita somo la mnyambuliko anajua kwamba "wa" hiyo ya mwisho ni alama ya kutendwa, na kwamba penye kutendwa pana mtendaji, hata asipotajwa. Ukisema kwamba chungu kimevunjwa, mtoto atauliza: kimevunjwa na nani? Ukisema kwamba mgeni anatarajiwa, swali ni lile lile. Katika nyumba zetu mgeni mtarajiwa ni mtu ambaye mkeka umekwisha kutandikwa kwa ajili yake na kipimo cha unga kimeongezwa chunguni. Yuko anayemngoja. Asipofika atasikitikiwa, akifika akakuta mlango umefungwa, aibu ni ya wenyeji.

"Prospective" halina mwenyeji. Linatazama mbele, basi. Halisemi kwamba yuko amngojaye mtu huyo, wala kwamba yuko anayemjua. "Prospective student" ni mtu yeyote ambaye huenda siku moja akawa mwanafunzi wa chuo fulani, na chuo chenyewe huenda hakijalisikia jina lake.

Tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya kijijini, mzee mmoja alitujia alasiri akiwa na bahasha kubwa ya kaki. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa, akatuomba tumsomee. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata alama za wastani, naye alikuwa ameandikia chuo kimoja cha mbali akiuliza habari za masomo. Chuo kilijibu. Barua ilianza kwa maneno "Dear Prospective Student", ikafuatiwa na maelezo ya masomo, ada, tarehe ya kufunguliwa kwa muhula, na mwishoni, kwa herufi ndogo, tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu ya maombi. Fomu yenyewe ilikuwa imo bado katika bahasha, imekunjwa mara tatu kama ilivyotoka chuoni. Haikuwa imeguswa.

Barua ilikuwa imefika majuma saba kabla. Kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha pili, ndiye aliyeisoma kwanza, na aliitafsiri kwa uaminifu kwa msaada wa kamusi: "Mpendwa mwanafunzi mtarajiwa." Nyumba nzima ilishangilia. Mzee aliuza mtamba, akanunua sanduku la bati, godoro, ndoo na mashuka mawili, akaweka akiba ya nauli. Alikuwa amekuja kwetu kutuuliza jambo moja dogo tu, kama kituo cha basi kilichotajwa katika barua kiko kabla au baada ya mto. Tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa imepita kwa siku kumi na mbili.

Tulimweleza kadiri tulivyoweza. Alisikiliza bila kutukatiza. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi nikimwambia mtu kwamba namtarajia, mke wangu huongeza maji ya ugali. Hawa wametwambia kwamba mtoto anatarajiwa. Basi anatarajiwa na nani?"

Tulikiandikia chuo jioni ile ile, tukaambatanisha fomu. Jibu lilikuja la adabu, kwamba nafasi za mwaka huo zimejaa. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia mama yake shambani, na sanduku la bati likawa la kuwekea mahindi. Mwaka uliofuata aliomba tena, safari hii fomu ikijazwa juu ya meza yetu, akapata.

Tumeisimulia habari hii si kwa kumlaumu yule kijana wa kidato cha pili. Alifanya kama alivyofundishwa: neno kwa neno, kamusi mkononi. Wala mzee hakukosea, kwa kuwa alikielewa Kiswahili chake sawasawa. Alisikia "wa" ya kutendwa akamtafuta mtendaji. Kosa limo katika kuamini kwamba neno likikutana na neno lenzake katika kamusi basi uzito wake nao umevuka pamoja nalo. Hapa uzito haukuvuka. Neno lililoondoka Kiingereza likiwa jepesi kama bua lilifika Kiswahili limebeba godoro na mashuka.

Ingekuwaje basi? Twaona kwamba katika barua kama ile ingefaa kusema "Kwa wote wanaokusudia kuomba nafasi", au "Kwa anayefikiria kujiunga nasi". Maneno ni mengi zaidi, kweli, lakini hayamngoji mtu ambaye hangojwi. Sokoni tutasema "anayetaka kununua", na huko ndiko kusema kwetu kwa kawaida. Hatujapata kumsikia mwuza nyanya akimwita mtu mnunuzi mtarajiwa. Pengine "mtarajiwa" lafaa kabisa, kwa mfano "wakwe watarajiwa" baada ya posa kupokewa, ambapo kila upande unaungoja mwenzake kwa haki. Lakini tazama: hapo Kiingereza chenyewe kingependa zaidi kusema "future in-laws". Maana yake ni kwamba mara nyingi "mtarajiwa" wetu yu karibu na "future" kuliko na "prospective", jambo ambalo kamusi haina nafasi ya kulieleza.

Liko pia neno "tarajali", ambalo siku hizi limeenea Tanzania: mwalimu tarajali, daktari tarajali. Halifuati ngeli, kwa hiyo husemwa "walimu tarajali" bila kubadilika, na kwa kuwa halina "wa" ya kutendwa halimwiti msikilizaji kumtafuta anayetarajia. Hili humfaa mtu aliyekwisha kuingia katika mafunzo, kama ninyi wasomaji wetu. Kiingereza kingemwita "trainee" au "student teacher", na daktari wa namna hiyo "intern". Ni kweli kwamba waandishi wengi wa mambo ya elimu huwaita wanachuo "prospective teachers", wala hatuwezi kuwakataza. Lakini mwenye kutaka usahihi atakumbuka kwamba kijana aliyemaliza kidato cha nne na kuanza tu kufikiria ualimu naye ni "prospective", tena yeye zaidi.

Mwalimu mwenzetu mmoja alituambia kwamba haya yote ni ya chuo kikuu, na kwamba mtoto wa darasa la sita hahitaji lolote katika hayo. Neno hahitaji, hapo tunakubaliana naye. Lakini wazo analihitaji, na analo tayari. Tumelifundisha kwa njia ya uchaguzi wa kiranja mkuu, ambao watoto huufuatilia kwa hamu kuliko somo lolote. Chora ubaoni mstari mrefu. Mwanzoni mwa mstari weka sentensi "Asha wants to be head prefect". Mbele kidogo, majina yakiisha kupendekezwa, weka "Asha may be our head prefect". Kura zikiisha kuhesabiwa, weka "Asha is going to be our head prefect". Siku ya kukabidhiwa madaraka weka "Asha is our head prefect". Halafu waulize watoto, kwa Kiswahili ikibidi: hapa nani anajua, na anajua nini? Waache wabishane. Katika sentensi ya kwanza anayejua ni Asha peke yake, tena anachojua ni matakwa yake. Katika ya pili darasa zima lina dalili, bali hakuna mwenye hakika. Katika ya tatu kila mtu anajua, ila mwalimu mkuu hajasema neno lake.

Mtoto aliyepita mstari huo kwa makini ameshika "would-be", "prospective" na "elect" bila kuyasikia majina yao, na siku atakapokutana na majina hayo kidatoni hatakuwa na haja ya kukariri. Tumeona pia kwamba watoto hukosea zaidi kwenye "may be" kuliko mahali pengine popote. Huliandika kama neno moja, na huliruka katika tafsiri, wakasema "Asha ni kiranja wetu mkuu". Usiwaruhusu kuliruka. Mahali hapo padogo ndipo palipopotelea mtamba wa yule mzee. Kipindi kimoja hakitoshi, sisi huchukua viwili, na cha pili tunaugeuza mstari, tukisimama mwisho wake na kutazama nyuma: "In January nobody knew it, but Asha was our future head prefect." Watoto huipenda sentensi hii. Huipenda kwa sababu inawafanya wajione kuwa werevu kuliko wao wenyewe wa mwezi Januari.

Limebaki jambo moja, nalo lawahusu ninyi mnaokwenda katika mazoezi ya kufundisha. Katika karatasi za chuo mtaitwa kwa vivumishi vya kila aina, na ni haki, kwa kuwa chuo kinajua kwamba hamjahitimu. Darasani hali ni nyingine. Mwalimu mkuu atawatambulisha kwa neno moja, "mwalimu", na watoto watalichukua neno hilo kama lilivyo, bila kiambatanisho chochote. Hesabu mtakayowafundisha vibaya hawataiandika kwa penseli kwa sababu ninyi ni wa majuma manane tu.

Mwaka mmoja tulikwenda kumkagua mwanachuo mmoja aliyepangiwa darasa la tano. Alikuwa mwangalifu na mwenye haya, naye hakutaka kujitwalia cheo ambacho hajakipata. Basi alijitambulisha kwa Kiingereza, polepole, kama tulivyowafundisha: "Good morning, class. I am a prospective teacher." Watoto waliitikia kwa sauti moja, wakakaa. Kisha mvulana wa dawati la mbele alinyosha mkono. Alikuwa amezoea kusikia "science teacher" na "mathematics teacher", akajua kwamba neno linalotangulia "teacher" ndilo somo lenyewe. "Mwalimu," akauliza kwa Kiswahili, "hilo somo la prospective tutaanza kusoma leo, au mpaka tuwe na daftari lake?"

Mwanachuo alitutazama sisi tuliokaa nyuma, nasi tukaangalia madaftari yetu. Akageuka, akafuta alichokuwa amekiandika ubaoni, akaandika tarehe, na chini yake "English". Yule mvulana akafungua daftari alilokuwa nalo.